Kisigino chako chenye mto: ni uvumbuzi au ni jambo dhahiri? Namna ya kujipima kabla ya kuomba hataza

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile: "Nimebuni kisigino cha kiatu chenye mto ndani. Nimezunguka madukani, sijakiona. Nitapata hataza?" Hataza ni haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wako, na kutoonekana kwa kitu dukani hakukusaidii sana kuipata. Sheria ina maswali mawili, na hayahusu maduka. La kwanza: je, kitu hiki ni kipya? La pili: hata kama ni kipya, je, fundi wa kawaida wa viatu, akiwekewa mezani kila kilichokwisha kuchapishwa, angekiona ni kazi ya kawaida tu? Akiona hivyo, kitu hicho ni "dhahiri", na cha dhahiri hakipati hataza.

Mwongozo huu ni wa swali la pili. Nafuata sheria ya Marekani, kifungu cha 103 cha sheria ya hataza, kwa kuwa ndiyo yenye kesi nyingi zinazoeleweka kwa urahisi. Karibu na mwisho nagusa Ulaya. Kazi hii haichukui nafasi ya wakili wa hataza. Inakuwezesha kwenda kwake ukiwa na jedwali badala ya matumaini.

Jambo moja tulitenge mapema. Kama unachotaka kulinda ni sura ya kisigino, yaani mistari na umbo linalovutia macho, hiyo ni hataza ya umbo, na kipimo chake cha udhahiri ni kingine. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilikibadilisha mwaka 2024 katika kesi ya LKQ dhidi ya GM. Hapa tunazungumzia namna kisigino kinavyofanya kazi.

Andaa haya kwanza

- Kiatu kimoja kilichochoka na kisu kikali.
- Mchoro wa kisigino chako kikiwa kimepasuliwa katikati kwa urefu. Mchoro wa nje hautoshi.
- Tarehe ya kila mara ulipomwonyesha mtu wazo lako, na kama mtu huyo aliahidi kutunza siri.
- Intaneti. Google Patents, Espacenet na Patentscope, tovuti za kutafuta hati za hataza, ni bure zote.
- Jedwali tupu, la karatasi au la kompyuta.
- Siku mbili au tatu zisizo na haraka. Anayeimaliza kazi hii kwa saa moja huwa ametafuta alichotaka kukipata.

Usianze kwa kuuliza maoni kwenye kundi la mtandaoni ukiwa umeambatisha picha. Picha hiyo inaweza kuwa ushahidi dhidi yako, kama utakavyoona hatua ya 2.

Hatua ya 1: Pasua kiatu, kisha pasua dai lako

Chukua kile kiatu cha zamani, kishike kwa nyuma, ukipasue kisigino kuanzia juu hadi chini. Kama ni cha michezo utaona tabaka zimepangana kama keki: kitambaa kinachogusa soksi, soli ya ndani, ubao mwembamba wa kushikilia umbo, povu nene la soli ya kati, na mwisho mpira unaokanyaga ardhi. Bonyeza povu kwa kidole gumba. Sehemu iliyokuwa chini ya mfupa wa kisigino imebonyea na hairudi juu kama ilivyo pembeni. Kila tabaka unaloliona lina jina, na kila jina lina historia kwenye hati za hataza. Hiyo ndiyo sababu ya kukupasulisha kiatu: bila majina huwezi kutafuta.

Sasa andika dai lako kwa sentensi moja. Dai, yaani sentensi ya kwenye ombi inayotaja hasa unachotaka kilindwe, ndilo linalopimwa. Hawapimi wazo lililo kichwani mwako, wala sampuli uliyoishika mkononi. Nitatumia mfano niliojitungia, tutembee nao hadi mwisho:

*Kisigino cha kiatu chenye kuta za mpira zinazozunguka tundu. Mto ndani ya tundu hilo, wenye tabaka la chini la jeli na tabaka la juu la povu. Na mifereji ya wima kwenye uso wa ndani wa kuta hizo, ambamo jeli huingia inapobanwa.*

Likate vipande:

a) kuta za mpira zenye tundu;
b) tabaka la chini la jeli;
c) tabaka la juu la povu;
d) mifereji ya wima ambamo jeli huingia.

Kwa nini mifereji? Jeli haipungui ujazo ikibanwa, hukimbilia pembeni. Ukiifungia kwenye tundu lisilo na nafasi inakakamaa, mithili ya chupa iliyojaa maji pomoni ikafungwa kizibo: ibonyeze uone. Mifereji inaipa pa kukimbilia.

*Kosa la kawaida:* kuandika faida badala ya muundo. "Kisigino kinachoondoa uchovu" si dai. Ni tangazo la biashara.

Hatua ya 2: Funga tarehe

Udhahiri hupimwa kama mambo yalivyokuwa siku moja kabla ya tarehe yako, si kama yalivyo leo. Kwa maombi ya Marekani yanayoangukia chini ya sheria mpya, yaani kuanzia tarehe 16 Machi 2013, tarehe hiyo ni ya kuwasilisha ombi, au ya ombi la kwanza unaloliegemea. Siku uliyoamka usiku na wazo haihesabiki tena.

Kila kilichokuwa wazi kwa umma kabla ya hapo kinaingia kwenye rundo ambalo hapa nitaliita *ufundi uliotangulia*: hataza, maombi yaliyochapishwa, majarida, katalogi, video, viatu vilivyouzwa. Haijalishi ni vya nchi gani, wala kama vimechapishwa kwa lugha usiyoijua.

Na ulichokionyesha wewe mwenyewe, je? Marekani inakupa mwaka mmoja tangu ulipokitangaza. Ukipitiliza, tangazo lako linakuwa silaha dhidi yako. Ulaya haina msamaha huo wa mwaka. Video moja fupi uliyoirusha wiki iliyopita kumfurahisha rafiki inaweza kukufungia mlango huko, na hakuna wakili atakayeufungua.

Hatua ya 3: Mweleze fundi wa kawaida

Huyu ni mtu wa kufikirika. Amesoma kila hati inayohusika na hakuna aliyoisahau, lakini si gwiji. Andika mistari mitatu tu: amesomea nini, amefanya kazi miaka mingapi, kila siku anashika nini. Kwa kisigino chetu ningeandika: mbunifu wa viatu mwenye miaka michache kazini, anayejua kumimina mpira kwenye kalibu, kuchagua povu kwa kipimo cha ugumu, na kuijaribu sampuli kwa kuigandamiza kwenye mashine mara maelfu.

Mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex iliyohusu pedali ya gari yenye kihisi cha kielektroniki, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba fundi huyu naye ana ubunifu wa kawaida; si mashine inayosubiri kuelekezwa kila kitu. Kabla ya hapo wavumbuzi walizoea kujitetea kwamba hakuna hati inayosema waziwazi "unganisha hiki na kile". Utetezi huo siku hizi haufiki mbali.

*Kosa la kawaida:* kumshusha fundi awe mtu asiyejua kupima povu, ili kazi yako ing'ae. Mkaguzi, yaani mtumishi wa ofisi ya hataza anayelipima ombi lako, atamwinua kwa aya moja tu.

Hatua ya 4: Tafuta, na usitafute kwa maneno peke yake

Hati nyingi ziko kwa Kiingereza, na maneno ya mwaka 1900 si ya leo. Maandishi ya hati za zamani yamesomwa na kompyuta kutoka kwenye picha, na makosa ni mengi. Kwa hiyo tafuta kwa alama za madaraja, yaani namba ambazo ofisi za hataza huzitumia kupanga hati kwa mada. Za visigino ni hizi:

- A43B 21/26: visigino vinavyonepa
- A43B 21/28: visigino vya hewa au gesi
- A43B 21/30: visigino vyenye springi za chuma
- A43B 21/32: vikingio vinavyonepa vya kisigino cha mguu
- A43B 13/18 na 13/20: soli zinazonepa, na soli za hewa

Fungua michoro kabla ya maneno. Kwa kisigino, mchoro mmoja uliopasuliwa katikati unakueleza kwa sekunde tano kile ambacho kurasa sita zinakizungushia.

Jiandae kunyenyekea. Humphrey O'Sullivan wa Lowell, Massachusetts, alipata hataza ya kisigino cha mpira mwaka 1899. Marion Franklin Rudy, mhandisi aliyetoka kwenye sekta ya anga, alipata hataza zake za mito ya gesi ndani ya viatu mwaka 1980, na kutokana na kazi hiyo zikaja soli za hewa za Nike. Mwaka 2000 Nike hao hao wakatoa Shox, viatu vyenye nguzo zinazonepa chini ya kisigino. Springi, hewa, povu, jeli, maji: kila kitu kinachonepa kuna mtu alishakitia kisiginoni. Wazo la "kisigino chenye mto" kwa jumla lilikwisha kufa zamani. Kilicho hai ni namna mahsusi ya kuutengeneza mto huo.

Toka nje ya viatu pia. Hati ya fani nyingine inahesabika ikiwa inashughulikia tatizo lilelile ulilokuwa ukilitatua. Na wakati mwingine unachokiona ni fani nyingine huhesabiwa kuwa fani yako: mwaka 2004, katika kesi ya Bigio, mvumbuzi wa brashi ya nywele aliwekewa mbele hati za miswaki, mahakama ikakubali kwamba ni fani moja. Sisi tatizo letu ni kumeza kishindo katika nafasi ndogo iliyofungwa, kwa hiyo angalia miguu ya mashine, viegemeo vya injini, vishikio vya vifaa vinavyotetema.

Tuseme umepata hizi tatu (nazo ni za kutunga):

- Hati A: kisigino cha mpira chenye tundu lililojazwa povu la aina moja.
- Hati B: soli ya ndani yenye jeli chini ya kisigino, imefunikwa na povu. Jeli iko wazi pembeni.
- Hati C: mguu wa mashine, kipande cha mpira laini ndani ya kikombe cha chuma chenye mifereji, nayo inaeleza kwamba mifereji inaupa mpira nafasi ya kutanuka.

Hatua ya 5: Maliza kwanza swali la upya

Je, kuna hati *moja* yenye a, b, c na d zote? Ikiwepo, simama hapo. Hilo si tatizo la udhahiri, dai lako si jipya. Watu hupoteza siku nzima wakibishana kuhusu ubunifu wa kitu ambacho kipo chote kwenye ukurasa wa pili wa hati ya 1988. Kwetu hakuna hati moja yenye vyote, kwa hiyo tunaendelea.

Hatua ya 6: Jaza jedwali

Vipande vya dai viende chini, hati ziende pembeni. Weka alama pale tu unapoweza kutaja ukurasa au namba ya mchoro.

- a) tundu la mpira: A ndiyo; B hapana; C hapana, kikombe ni cha chuma.
- b) jeli chini: A hapana, B ndiyo, C mpira laini, si jeli.
- c) povu juu: A ina povu, lakini ndilo peke yake; B ndiyo; C hapana.
- d) mifereji: A hapana, B hapana, C ndiyo.

Hapa umeshafanya sehemu kubwa ya kipimo ambacho Mahakama Kuu iliweka mwaka 1966 katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere, iliyohusu jembe la trekta: tazama yaliyotangulia yanasema nini, tazama tofauti, tazama kiwango cha fundi, kisha tazama ushahidi wa nje. Kila kipande chetu kimeonekana mahali fulani. Usikate tamaa bado, na mkaguzi naye asishangilie. Karibu kila uvumbuzi ni mkusanyiko wa vitu vilivyojulikana.

Hatua ya 7: Tafuta sababu ya kuunganisha

Kesi huamuliwa hapa, kwa hiyo tusiharakishe. Chukua hati iliyo karibu zaidi, kwetu ni A. Jiulize: fundi aliyeshika A mkononi angekuwa na sababu gani ya kuigusa, na angetarajia nini? Pitia sababu hizi moja moja.

*Kubadilisha kitu kimoja kwa kingine kinachojulikana.* Mwaka 1851 Mahakama Kuu iliikataa hataza ya vitasa vya mlango vilivyofinyangwa kwa udongo badala ya chuma au mbao. Kitasa kilikuwa kilekile, kilichobadilika ni malighafi yake. Kama ulichofanya ni kutoa povu na kutia jeli ili kisigino kiwe laini zaidi, wewe ni mwenye kitasa cha udongo.

*Kuunganisha vitu ambavyo kila kimoja kinaendelea na kazi yake ya siku zote.* Povu linafanya kazi ya povu, mpira kazi ya mpira, na jumla yake ndiyo ungeitarajia. Hilo ni dhahiri.

*Kujaribu njia chache zinazojulikana.* Kama kuna aina tatu tu za malighafi ya kujaza tundu na zote zinajulikana, kujaribu ya tatu si uvumbuzi. Unene wa tabaka nao ni hivyo: kutafuta milimita bora kwa kupimapima ni kazi ya kila siku ya fundi, isipokuwa kipimo hicho kilete tokeo ambalo hakuna aliyelitazamia.

Tuitie mifano yetu humo. A na B: zote ni viatu, zote zinahusu kisigino, na B inasema jeli iliyofunikwa povu ni laini kuliko povu peke yake. Fundi ana kila sababu ya kutia mto wa B kwenye tundu la A. Kwa hiyo dai lenye a, b na c tu ni dhahiri. Mimi nisingelipigania hata dakika moja.

Sasa kipande d. Fundi akishaitia jeli kwenye tundu, kisigino kinakakamaa. Analiona tatizo hilo siku ileile ya kwanza, kwenye mashine ya kugandamiza. Je, angeenda kwenye miguu ya mashine? Mkaguzi atasema ndiyo: tatizo ni lilelile, malighafi isiyopungua ujazo imefungiwa, na C imeandika dawa yake waziwazi. Wewe utasema fundi wa viatu angechagua njia rahisi zaidi ya kupunguza jeli au kurudi kwenye povu. Hoja zote mbili zina uzito, ila ya mkaguzi ina karatasi mkononi, na yako bado ni maneno matupu. Usiruke hatua inayofuata.

*Onyo la hatua hii:* kuona kwa nyuma. Ukishajua jibu, kila hati inaonekana kama ilikuwa inakuelekeza huko. Funika dai lako kwa karatasi, soma A na C kana kwamba hujui unakokwenda, halafu andika ungefanya nini. Fanya hivyo pia upande wa pili: usijisifu kwa kutumia ulichojifunza baada ya kutengeneza sampuli ya kumi.

Hatua ya 8: Tafuta kinachokwenda kinyume

Je, kuna hati inayomkatisha fundi tamaa? Soma kwa makini, kwa sababu hapa wanaoanza hujidanganya. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ilishughulikia kesi ya Fulton, iliyohusu soli ya kiatu yenye vijiti vya pembe sita vya kuzuia utelezi. Waombaji walidai hati za zamani zilielekeza kwenye maumbo mengine. Mahakama ikasema kutaja chaguo zaidi ya moja hakumzuii mtu kuchagua mojawapo. Kwa hiyo B ikisema "tunapendelea jeli iliyo wazi pembeni", haikusaidii. Ikisema "jeli isifungiwe ndani ya kuta, kwa kuwa hukakamaa na kuumiza mguu", hapo una kitu cha kushika.

Mfano mzuri wa upande huu ni kesi ya Adams, iliyoamuliwa siku moja na ile ya jembe. Ilikuwa betri ya magnesiamu na kloridi ya shaba inayoamshwa kwa maji. Vipande vyote vilijulikana, lakini maarifa ya wakati ule yalionya dhidi ya kuviweka pamoja hivyo, na wataalamu hawakuamini kwamba ingefanya kazi. Hataza ikasimama.

Kisha tafuta tokeo lisilotarajiwa kwenye kisigino chako. Tuseme umekipima ukaona hivi: mtu akitembea, jeli inaingia mifereji polepole na kisigino ni laini, akiruka, mifereji inajaa pomoni na kisigino kinakuwa kigumu kwa ghafla, kikimzuia asizame wala kuyumba. Hati C haisemi kwamba mifereji inajaa. Mifereji yake ni mikubwa na daima ina nafasi. Hiyo ndiyo tofauti ya kushika. Ichore kwa grafu: mzigo chini, kubonyea pembeni, mstari wa kisigino chako na mstari wa A iliyotiwa mto wa B. Linganisha na hati iliyo karibu zaidi, si na kiatu kibovu ulichookota.

Hatua ya 9: Ushahidi wa nje

Mauzo makubwa, hitaji la muda mrefu lisilotatuliwa, wengine kujaribu wakashindwa, washindani kuiga. Vyote vinahesabika, kwa sharti kwamba vinatokana na kile kilicho kwenye dai. Viatu vikiuzika kwa sababu ya rangi au mchezaji maarufu, mauzo hayo hayasemi lolote kuhusu mifereji. Lakini usiudharau ushahidi huu: mwaka 2016, katika mgogoro wa Nike na adidas kuhusu viatu vya kufuma, mahakama ya rufaa ilirudisha sehemu ya uamuzi kwa sababu bodi ya hataza haikuutathmini ushahidi wa hitaji la muda mrefu. Kama bado hujauza hata jozi moja, ruka hatua hii bila aibu.

Hatua ya 10: Toa hukumu dai kwa dai, kisha rekebisha

Usiandike "uvumbuzi wangu si dhahiri". Andika hivi:

- Dai pana (a, b, c): dhahiri kwa A pamoja na B. Futa.
- Dai la kati (a, b, c, d): liko hatarini kwa A, B na C. Libaki, lakini usilale ukilitegemea.
- Dai jembamba (a, b, c, d, na ujazo wa mifereji uwe mdogo kiasi kwamba jeli huijaza yote chini ya mzigo uliotajwa): lina nafasi nzuri, kwa sababu ya grafu ya hatua ya 8.

Ujazo huo uwe umeandikwa kwenye ombi tangu siku ya kwanza. Huwezi kuuongeza baadaye mkaguzi akishakubana. Na popote ulipoandika "kama inavyojulikana, visigino huwa na...", tafakari kabla ya kuacha sentensi hiyo. Ofisi inaweza kuichukua kuwa ni kukiri kwako, ikaitumia dhidi yako bila kutafuta hati yoyote. Hata hivyo hati A, B na C usizifiche. Marekani inamlazimu mwombaji kuieleza ofisi chochote muhimu anachokijua.

Ukielekea Ulaya

Kifungu ni cha 56 cha mkataba wa hataza wa Ulaya. Njia yao: chukua hati iliyo karibu zaidi, eleza tofauti, geuza tofauti hiyo iwe tatizo la kiufundi, kisha uliza kama fundi *angefanya* hivyo, si kama *angeweza*. Jedwali lako la hatua ya 6 linafaa lilivyo. Tofauti moja ya kukumbuka: ombi la mwenzako lililowasilishwa kabla yako lakini likachapishwa baadaye hutumika Marekani hata kwenye udhahiri, Ulaya hutumika kwenye upya tu.

Ukikwama

*Sikupata hati yoyote inayofanana.* Umetafuta vibaya. Chukua hati moja iliyo karibu kidogo, fungua orodha ya hati zilizotajwa humo na zilizoitaja, ufuate mnyororo huo kurudi nyuma na kwenda mbele. Ukizunguka mara tatu utaanza kuona majina yaleyale yakijirudia, hapo umefika.

*Nimepata hati mia mbili.* Zipange kwa idadi ya vipande zilivyonavyo. Zenye kipande kimoja tu ziweke kando, isipokuwa kile kipande kigumu, kwetu d.

*Mkaguzi ameunganisha hati tano.* Idadi peke yake si utetezi. Shika kiungo kilicho dhaifu zaidi na uonyeshe kwamba sababu aliyoitoa ya kuunganisha hapo haipo kwenye karatasi, au kwamba mchanganyiko wake usingefanya kazi.

*Mkaguzi anasema ni "akili ya kawaida tu".* Mtake aeleze sababu zake. KSR ilimpa uhuru mpana, lakini mahakama hiyohiyo ilitaka hoja iandikwe wazi.

*Hati inayoniua ni ya miaka sabini iliyopita na kiatu hicho hakikutengenezwa kamwe.* Inahesabika vilevile. Umri wake hauipunguzii nguvu. Labda unaweza kuutumia kwa namna nyingine: kama A na C zimekaa pamoja hadharani miaka yote hiyo, tatizo la kukakamaa likijulikana, na hakuna aliyeziunganisha, hiyo ni hoja ndogo upande wako. Ni ndogo, iambatane na nyingine.

*Dai langu limebaki jembamba mno, mshindani atalikwepa kwa kuchimba mifereji ya mlalo.* Basi andika dai jingine lisilotaja wima bali nafasi ambamo jeli hujaa chini ya mzigo, ulirudishe kwenye jedwali, na uanze tena hatua ya 6. Ukigundua kwamba hati A ina vitobo vya hewa pembeni mwa tundu, ambavyo mara ya kwanza hukuvitilia maanani, irudie pia hatua ya 7.